Glakoma: Adui Akataye Waya Kati ya Jicho na Ubongo

Kila askari aliyepata kusimamia zamu ya ulinzi anajua kwamba lindo linaloshambuliwa waziwazi halimsumbui sana kamanda. Lindo hilo hupiga risasi, hupaza sauti, na makao makuu hupata habari mapema ya kutuma msaada. Lindo linalomnyima kamanda usingizi ni lile ambalo waya wake wa simu umekatwa usiku bila mtu kujua, huku karani wa zamu kule makao makuu akiendelea kuandika kitabuni kwamba hali ni shwari.

Katika mwili wa binadamu upo ugonjwa ufanyao kazi kwa namna hiyo hiyo. Jina lake ni glakoma, nao watu wengi huuita presha ya macho. Kwa kawaida hauumi, hauwashi, haulifanyi jicho kuwa jekundu, wala haumzuii mgonjwa kusoma gazeti hili. Hukata uzi mmoja mmoja waya unaounganisha jicho na ubongo. Na uzi ukishakatika, hapana tabibu leo hii awezaye kuuunga tena. Kwa kuwa askari na polisi huishi kwa macho yao, na wananchi huishi kwa usalama kutokana na macho hayo, tumeona ni wajibu wetu kuueleza ugonjwa huu kwa kinaganaga.

DEREVA WA RUBAVU

Tulikuwa Rubavu, wilaya iliyoko kaskazini-magharibi mwa Rwanda, katika mji ule ambao wazee hadi leo hawaachi kuuita Gisenyi. Kusini mwa mji limelala Ziwa Kivu. Magharibi ni Goma, mji wa Kongo. Kati ya miji hiyo miwili upo mpaka ambao maelfu ya watu huuvuka kwa miguu: akina mama na mafungu yao ya mboga, vijana na baiskeli zilizosheheni magunia. Askari na polisi wa zamu mahali kama hapo hawana chombo kikubwa kuliko macho yao. Hawana budi kuuona uso wa anayekuja mbele, na papo hapo kuuona mkono wa anayepita kando.

Ufukweni mwa ziwa tulizungumza na askari mstaafu ambaye zamani alikuwa dereva wa malori. Jina lake tunalihifadhi kwa ombi lake. Alikuja akiwa ameshika bega la mjukuu wake, akaketi akilielekea ziwa.

"Afande," alituambia, "mimi sikupofuka siku moja. Nilipofuka miaka mingi nikiwa naona."

Alitusimulia kwamba barabara itokayo Musanze, pale inapoanza kuteremka kuingia mjini, aliijua kama kiganja chake. Siku moja mwendesha baiskeli aliibuka ubavuni mwa lori kana kwamba ametoka ardhini. Dereva wetu akakanyaga breki, hakuumia mtu. Akamkaripia yule kijana kwa uzembe, akaendelea na safari. Majuma machache baadaye yakatokea yale yale. Mara ya tatu ilikuwa nyumbani kwake: alimkanyaga mtoto wake mwenyewe aliyekuwa amesimama kando ya mlango mchana kweupe. Alipokwenda kupimwa, jicho la kulia lilikuwa limebakiwa na eneo dogo tu la katikati la kuonea, na la kushoto lilikuwa limepoteza karibu nusu.

"Nilimwuliza daktari mambo mawili," alisema. "Kama nimekuwa nikipigwa muda wote huo, mbona sikusikia maumivu? Na kama sehemu ya jicho imekufa, mbona sikuona giza?"

Maswali hayo mawili ya mzee wetu ndiyo tunayotaka kuyajibu katika makala hii.

WAYA WENYE NYUZI MILIONI

Watu wengi hudhani kwamba jicho ndilo linaloona. Kwa hakika jicho hupokea tu. Aonaye ni ubongo. Mwanga hupita katika kioo cha mbele cha jicho, ukaingia kwa tundu la mboni, ukakusanywa na lenzi, kisha ukaangukia juu ya utando mwembamba ulioko nyuma, uitwao retina. Hapo zipo seli zipokeazo mwanga. Seli hizo huzipasha habari seli nyingine, na mwishowe habari zote hukusanywa na seli za neva ziitwazo ganglioni. Katika kila jicho ziko kiasi cha milioni moja.

Kila seli ya ganglioni ni kama mlinzi aliyepewa eneo lake la kuangalia: huyu bonde, yule kilima, mwingine njia ya kando ya mto. Na kila mmoja ana uzi wake mwenyewe wa kupelekea habari. Nyuzi hizo zote hukusanyika mahali pamoja nyuma ya jicho, zikafungamana kama kamba. Kamba hiyo ndiyo neva ya jicho, ambayo unene wake ni milimita chache tu.

Neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo katika njia panda. Pale nyuzi zitokazo nusu ya retina iliyo upande wa pua huvuka kwenda upande wa pili, na zile za upande wa sikio hubaki upande wake. Kwa mpango huo, kila kilichoko kulia kwako hupelekwa katika ubongo wa kushoto, na kila kilichoko kushoto kwako hupelekwa katika ubongo wa kulia.

Kutoka njia panda nyuzi nyingi huelekea sehemu ya katikati ya ubongo iitwayo thalamasi. Hapo pana kituo kidogo chenye tabaka sita za seli, na kazi yake ni kupokezana. Mlinzi wa mbele hukabidhi habari yake hapo. Seli mpya huipokea na kuisafirisha kwa uzi mwingine hadi kisogoni, sehemu ya nyuma kabisa ya ubongo, ambako ndiko makao makuu ya kuona. Nyuzi nyingine chache huchepuka kwenda vituo vya pembeni, kimojawapo kikiwa ni kile kinachogeuza macho na kichwa upesi pale kitu kinapotokea ubavuni. Askari aliyewahi kugeuka kabla hajajua kwa nini amegeuka, aliamshwa na kituo hicho.

MAJI, SHINIKIZO NA MLANGO MWEMBAMBA

Sehemu ya mbele ya jicho hujazwa maji safi ambayo si machozi. Maji hayo hutengenezwa ndani ya jicho mchana na usiku, nayo hutoka kwa mfereji mwembamba ulioko kwenye pembe baina ya kioo cha jicho na sehemu yenye rangi. Yanayotengenezwa yakilingana na yanayotoka, shinikizo ndani ya jicho hukaa sawa. Kwa watu wengi huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki. Njia ya kutokea ikizibazibika, shinikizo hupanda, mithili ya gurudumu lililojazwa upepo kupita kiasi.

Ukuta wa jicho ni mgumu, lakini unapo mahali pamoja dhaifu, nalo ni tundu lile la nyuma ambamo nyuzi milioni hutokea. Tundu hilo limefunikwa kwa wavu mfano wa chujio, na nyuzi hupenya katika vitundu vyake. Shinikizo likisukuma kutoka ndani, chujio hubonyea kuelekea nyuma, na nyuzi zilizomo hubanwa.

Hapo ndipo msiba huanzia, kwa maana uzi wa neva haufanani na waya wa shaba. Ni sehemu hai ya seli, na ndani yake mna msafara usiokoma. Chakula na vifaa hutoka kwenye seli kwenda ubongoni. Kutoka ubongoni nako hurudi viini vinavyoipa seli nguvu ya kuendelea kuishi. Uzi ukibanwa, msafara hukwama. Seli iliyokosa viini hivyo kwa muda mrefu hujivunja yenyewe kwa utaratibu, pasipo kidonda, pasipo usaha wala uvimbe. Na kwa kuwa retina yenyewe haina neva za kusikia maumivu, kifo hicho hakipigi kelele. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza la dereva wetu.

Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba shinikizo kubwa si mhalifu pekee. Wako wagonjwa ambao shinikizo la macho yao halijapita 21, na bado nyuzi zao hufa, huenda kwa sababu chujio lao ni dhaifu au damu haiifikii neva ipasavyo. Ndiyo maana daktari wa macho haridhiki kwa kupima shinikizo peke yake. Hutazama pia ndani ya jicho, penye kichwa cha neva, aone kama pamechimbika mfano wa kikombe. Na huchora ramani ya eneo ambalo kila jicho linaliona.

UBONGO NAO HUUMIA

Kwa miaka mingi glakoma ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa wa jicho tu. Siku hizi imefahamika kwamba madhara yake hufuata njia yote ya kuona mpaka kisogoni.

Mwaka 2000, watafiti wa Toronto nchini Kanada, Yeni Yücel, Neeru Gupta na wenzao, walieleza kwamba katika kima waliopandishwa shinikizo la jicho, seli za kile kituo cha kupokezana katikati ya ubongo zilikuwa zimepungua. Mwaka 2006 wakachapisha uchunguzi wa ubongo wa binadamu aliyefariki akiwa na glakoma iliyokomaa. Neva ya jicho, kituo cha kupokezana, na hata gamba la ubongo kule kisogoni, vyote vilikuwa na dalili za kuharibika, vilipolinganishwa na vya watu wasiokuwa na ugonjwa huo.

Maana yake si ngumu kwa askari kuifahamu. Mlinzi wa mbele akifa, mwenzake wa kituo cha kati hukaa na simu isiyolia. Katika ubongo, seli inayokaa bila kupokea habari husinyaa, na baadhi yake hufa. Baada ya hapo hata makao makuu hupoteza watu katika ofisi ile iliyokuwa ikipokea habari za eneo lile. Kwa hiyo glakoma ni ugonjwa wa jicho katika chanzo chake, lakini hasara yake imeandikwa ubongoni. Na seli hizo za neva, tofauti na ngozi au mfupa, zikifa hazioti tena.

Mwaka 2010, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitoa habari nyingine ya kuzingatiwa. Katika panya wenye glakoma waliona kwamba msafara wa ndani ya nyuzi hukatika kwanza kwenye ncha ya mbali, ubongoni, kisha mkatiko hurudi nyuma kuelekea jichoni. Na kwa muda fulani nyuzi hubaki zimesimama ingawa hazibebi kitu. Habari hiyo inatisha na papo hapo inatia moyo, kwa kuwa inaonyesha kwamba upo muda baina ya kukwama kwa msafara na kufa kwa seli. Vita dhidi ya glakoma ni vita vya kuuwahi muda huo.

KARANI ANAYEANDIKA "HALI SHWARI"

Sasa tulijibu swali la pili: kwa nini mzee wetu hakuona giza? Tunamwomba msomaji achukue karatasi nyeupe na kalamu. Upande wa kushoto chora msalaba mdogo. Upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye msalaba, chora nukta nyeusi yenye ukubwa wa punje ya dengu. Funika jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa jicho la kulia ukazie macho msalaba peke yake, kisha isogeze karatasi taratibu kutoka mbali kuja usoni. Karatasi inapofika kiasi cha sentimita 30, nukta itatoweka.

Imetoweka kwa sababu picha yake imeangukia juu ya kichwa cha neva, mahali ambapo nyuzi hutokea na ambapo hapana seli za kupokea mwanga. Lakini angalia jambo lililo kubwa zaidi: hukuona shimo jeusi. Uliona karatasi nyeupe. Ubongo umekosa habari za mahali pale, na badala ya kukiri kwamba umekosa, umepajaza kwa rangi ya jirani.

Kila mmoja wetu amezaliwa na pengo hilo katika kila jicho, na ameishi nalo pasipo kulijua. Glakoma huongeza mapengo mengine kidogo kidogo, aghalabu nje kidogo ya katikati, nao ubongo huyajaza vile vile. Zaidi ya hayo, jicho moja husitiri upungufu wa jingine, maana pengo la kulia huangaliwa na la kushoto. Huyo ndiye karani wa zamu tuliyemtaja mwanzo. Hana nia mbaya. Amezoea tu kwamba palipo kimya ni salama.

Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wagonjwa 50 wa glakoma picha mbalimbali, ili waseme ipi inafanana na wanavyoona. Picha ya kuona kana kwamba mtu anachungulia katika handaki jeusi, ambayo hutumika sana kuueleza ugonjwa huu, haikuchaguliwa hata na mmoja. Wengi walisema kwamba huona ukungu, au kwamba sehemu za vitu hazipo. Kwa hiyo yule kijana wa baiskeli hakufunikwa na giza machoni pa dereva. Aliondolewa barabarani, na mahali pake ubongo ukachora barabara tupu.

Wataalamu waliohesabu seli katika macho ya watu waliofariki wameona kwamba mtu aweza kupoteza kati ya robo na theluthi ya seli zake za ganglioni kabla kipimo cha kawaida cha eneo la kuona hakijaonyesha kasoro iliyo dhahiri. Ikiwa mashine huchelewa kiasi hicho, mtu anayesema "mimi najisikia naona vizuri" anategemea ushahidi mwembamba sana.

KUTOKA KONGWA HADI MAGHARIBI YA RWANDA

Pengine msomaji atauliza kama ugonjwa huu ni wa watu wa mbali. La hasha. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, Tanzania, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Glakoma ilionekana kwa watu 4.16 katika kila 100, yaani karibu mtu mmoja kati ya 24. Hebu hesabu maofisa na askari wa umri huo katika kikosi chako, kisha ugawe.

Katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, ambao Rubavu ni mojawapo ya wilaya zake, Dakta Wanjiku Mathenge na wenzake waliwapima watu 2,206 wenye umri wa miaka 50 na zaidi mwaka 2006. Watu 1.8 katika kila 100 walikuwa vipofu wa macho yote mawili, na chanzo kikubwa kilikuwa mtoto wa jicho, asilimia 65. Tofauti ya magonjwa hayo mawili hatuna budi kuikazia. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Daktari huitoa lenzi hiyo, akaweka nyingine, na mlinzi akaona tena kwa kuwa waya wake ungali mzima. Katika glakoma lenzi yaweza kuwa safi kama kioo kipya, lakini waya haupo. Anayemwona jirani yake aliyepasuliwa mtoto wa jicho akipata kuona, kisha akajipa moyo kwamba naye atangoja mpaka apofuke ndipo apasuliwe, amejidanganya vibaya.

Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalitaja wagonjwa wa glakoma milioni 76 kufikia mwaka 2020, na karibu milioni 112 ifikapo mwaka 2040. Katika makadirio hayo hayo, Afrika ndiyo iliyoonekana kuwa na kiwango kikubwa kuliko mabara mengine.

NANI AKAPIMWE

Wa kwanza ni kila mtu aliyefikisha miaka 40. Wa pili ni yeyote ambaye mzazi wake, kaka yake au dada yake ana glakoma. Huyo hatari yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine, na asingoje 40. Wa tatu ni mwenye macho yasiyoona mbali bila miwani, hasa miwani mizito.

Wa nne ni kundi ambalo majeshini halikosi watu: waliowahi kupigwa jicho. Ngumi ya ulingoni, mpira, jiwe, kitako cha bunduki au kishindo cha mlipuko huweza kupasua ile pembe ya kutolea maji. Jicho hupona, wekundu huisha, na mtu husahau. Lakini shinikizo laweza kupanda baada ya miaka mingi. Mwenye historia hiyo aitaje kwa daktari hata kama ilikuwa ni wakati wa ukuruta.

Wa tano ni wanaotumia dawa za jamii ya kotisoni, hasa za matone ya macho. Dawa hizo zina kazi yake, lakini kuzinunua bila kuandikiwa na kuzitumia miezi na miezi kwa sababu ya vumbi au mwasho kunaweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta glakoma.

Ipo pia aina ya ghafla ya ugonjwa huu, isiyo ya kawaida sana katika Afrika ya Mashariki, ambayo huja kwa kishindo: jicho jekundu, maumivu makali ya jicho na kichwa, kutapika, ukungu, na pete za rangi kuzunguka taa. Hiyo haingoji gwaride la asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Twafahamu kwamba wapo wanaoogopa kupimwa wasije wakaondolewa kwenye usukani au kwenye zamu. Hofu hiyo tunaielewa. Mkate wa watoto umo ndani yake. Lakini na tuipime kwa haki. Aliyegunduliwa mapema aweza kuendelea na kazi kwa miaka mingi akiwa anatumia dawa. Aliyejificha ataondolewa kazini vilevile, tena pengine baada ya kumgonga mtu. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Na katika kazi yetu kifo hicho chaweza kuwa cha mwenzake.

TIBA NI NIDHAMU

Glakoma haiponi, lakini huzuiwa. Silaha iliyothibitishwa ni moja: kushusha shinikizo la jicho, ili nyuzi zilizobaki zipate nafasi ya kupumua. Utafiti mkubwa wa Malmö, Uswidi, ulionyesha kwamba kila milimita moja ya zebaki iliyopunguzwa hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa kiasi cha asilimia 10. Hata wale ambao shinikizo lao halikuwa juu hufaidika kwa kushushwa.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni matone, mengine mara moja kila usiku, mengine mara mbili kwa siku. Mwenye pumu amwarifu daktari, kwa kuwa dawa ya timololi inaweza kumletea madhara makubwa. Ya pili ni mwanga wa leza kwenye njia ya kutolea maji. Katika utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 kwa kila 100, wakati matone ya timololi yalifaulu katika macho 31. Ya tatu ni upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya.

Matone yanahitaji jambo ambalo askari hufundishwa kuliko raia yeyote, nalo ni kutimiza amri hata pale usipoona faida yake papo hapo. Dawa hii haiongezi kuona. Mgonjwa ataitumia mwezi mzima na asione mabadiliko, na hapo ndipo wengi huiacha. Lakini kutobadilika ndiko ushindi wenyewe. Tia tone moja, fumba jicho taratibu, bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremke kooni, na uandike saa kitabuni.

Pa kuanzia si mbali. Kuanzia mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation, iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho na kuwapeleka mbele wagonjwa wanaohitaji daktari. Kwa mkazi wa Rubavu iko hospitali ya Gisenyi, na kwa wanajeshi iko hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali. Ukifika, usiseme tu kwamba unataka miwani. Sema: "Naomba nipimwe shinikizo la macho, na neva yangu itazamwe."

MDOGO WAKE MZEE

Jua lilikuwa likizama upande wa Goma tulipoagana na mzee wetu. Kila usiku saa tatu mjukuu humkumbusha tone lake, na jicho la kushoto limebaki pale pale lilipokuwa tangu alipoanza dawa. Anaona boti za wavuvi anapozielekea. Inayopita kando haioni.

Tulimwuliza kama kuna jambo angependa wenzake walijue. Akatuambia kwamba yeye ana mdogo wake, askari polisi. Siku ile ile alipoambiwa na daktari jina la ugonjwa, alimpigia simu akamwamuru akapimwe, ingawa mdogo wake hakuwa na tatizo lolote. Alikutwa na dalili za mwanzo katika macho yote mawili. Leo bado yuko kazini.

"Mimi niliyaamini macho yangu," alisema mzee. "Yeye aliniamini mimi."

Ndugu askari, ndugu polisi: bunduki hukaguliwa hata kama haijakwama, na gari hupimwa breki kabla halijaanza kuteremka mlima. Hatungoji ajali ndipo tuamini kwamba ukaguzi una maana. Jicho nalo ni chombo ulichokabidhiwa, na waya wake haupo ghalani wa kubadilisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu haujengeki. Mwenye miaka 40 aende mwezi huu, na kila mwenye ndugu wa damu aliyeugua glakoma aende juma hili.